Mama Musa wa Donholm anauliza: nimchangie mwanangu anunue droni?

Mama Musa wa Donholm, Nairobi, ameniandikia hivi, nami nimefupisha kidogo: "Mwanangu ana miaka 22, anapiga picha za harusi na ruracio, yaani sherehe za mahari. Wenzake wanapata kazi zaidi kwa sababu wana droni, na yeye anataka nimwongezee pesa za chama chetu cha kuchangiana zikinifikia. Mimi droni nazisikia kwenye habari tu: Sudan zinaua watu, Rwanda zinabeba damu. Ni kitu kimoja? Kinakaaje juu bila kuanguka? Na hapa Nairobi si atashikwa? Nimpe pesa au nikatae?"

Mama Musa, nashukuru umeuliza kabla pesa hazijatoka. Kazi yangu ni kufundisha vijana kurusha droni na kuzitengeneza zikiharibika, na wengi hunifikia wakiwa wameshanunua, mashine imelala kabatini kwa sababu hawana kibali cha kuirusha. Kwa hivyo nakujibu mapema: msaidie kijana, ila pesa za kwanza ziende kwenye mafunzo na leseni. Mashine ije mwisho. Sababu zangu zinaanzia kwenye swali lako la namna inavyokaa juu.

Droni ya kupigia picha ina propela nne, kila moja na mota yake. Zikizunguka zinasukuma hewa chini, na hewa nayo inaisukuma mashine juu. Mbili huzunguka kufuata mwendo wa saa, mbili kinyume chake. Kama zote zingezunguka upande mmoja, mwili wa droni ungezunguka upande wa pili bila kukoma. Zikigawanywa hivyo, mwili unatulia. Ukitaka igeuke, jozi moja inaongezwa kasi na nyingine inapunguzwa. Ukitaka iende mbele, mota za nyuma zinaongezwa kasi, mashine inainama kidogo, na sehemu ya ule msukumo wa kuinua inakuwa ya kusogeza. Haina usukani wala mkia. Kila inachofanya angani kinatokana na kasi ya mota nne tu.

Kasi hizo hazipangwi na mwanao. Umewahi kumwona mtoto akisimamisha ufagio juu ya kiganja: mkono hautulii hata kidogo, unaukimbiza ufagio kila unakotaka kuangukia. Kompyuta ndogo iliyo ndani ya droni inafanya kazi hiyo hiyo, mara mamia kwa sekunde. Gairoskopu inaiambia imeinama kiasi gani, kipimo cha shinikizo la hewa kinaiambia iko juu kiasi gani, dira inaiambia imeelekea wapi, na setilaiti za GPS zinaiambia iko mahali gani duniani. Mrushaji akiachilia vijiti vya rimoti, mashine inabaki palepale ikimngoja. Ndiyo maana mtu anaweza kuishika kwa alasiri moja na kuamini kwamba ameshajua kazi.

Shida huanza vihisi hivyo vinapodanganyika, na Nairobi ina mengi ya kuvidanganya.

Chukua paa la gorofa, mahali ambapo vijana hupenda kurushia kwa sababu pako wazi. Chini ya ile saruji kuna nondo, na pembeni pengine kuna tangi lililokaa kwenye fremu ya chuma. Chuma kinaivuta dira. Droni inapaa ikiamini kaskazini ni upande fulani, kumbe sio. Inapojaribu kutulia inajisahihisha kuelekea upande usiofaa, ikijisahihisha tena inazidi kupotoka, na unaiona ikizunguka duara linalopanuka mpaka inagonga ukuta wa jirani. Mabati yana tabia hiyohiyo ukirushia karibu nayo. Nikiwa na wanafunzi wapya, somo la kwanza ni kutafuta mahali pa kusimama: kwenye udongo au nyasi, mbali na magari, mbali na mabati, simu ya mkononi isikae karibu na mashine.

Halafu kuna redio. Rimoti na droni nyingi huzungumza kwenye masafa ya gigahezi 2.4 au 5.8, na hayo ndiyo masafa ya waifai. Katikati ya magorofa ya mitaa ya Pipeline au Umoja, ambako kila sakafu ina ruta kadhaa, mawasiliano yanadhoofika upesi kuliko yalivyoandikwa kwenye boksi. Yakikatika, droni nyingi zimefundishwa kurudi zenyewe zilikotoka: inapanda mpaka kimo kilichowekwa, inanyoosha kuelekea nyumbani, inashuka. Hiki ni kinga nzuri sana, lakini kimo hicho anakiweka mrushaji. Ukikiacha mita 30 na kati yako na droni kuna gorofa la mita 35, itarudi moja kwa moja hadi kwenye ukuta. Waya za stima ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa ni nyembamba na kamera nyingi za kukwepa vizuizi hazizioni vizuri.

Hata hewa yetu yenyewe haifanani na ya pwani. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko ya Mombasa. Propela inayosukuma hewa nyepesi lazima izunguke kwa kasi zaidi ili kubeba uzito uleule, na betri inaisha mapema. Dakika zilizoandikwa kwenye boksi zilipimwa mahali pasipo na upepo, mashine ikiwa mpya. Mimi huwaambia wanafunzi waanze kurudi betri ikifika asilimia 30, hata kama bibi harusi ndiyo anashuka kwenye gari.

Na kuna mwewe. Anayeifahamu Nairobi anajua wanavyochukua mandazi mkononi mwa mtoto. Mwewe huiona droni kama ndege aliyeingia kwenye eneo lake. Akianza kuizunguka, kukimbia naye kwa kwenda mbele hakusaidii, maana ana kasi na anageuka haraka. Mwanafunzi hufundishwa kupanda juu wima, kwa sababu mwewe hupenda kushambulia akitokea juu na hawezi kupanda wima kama mota, kisha atafute nafasi ya kushuka mbali naye.

Sasa twende kwenye lile la kushikwa, kwa kuwa ndilo linalokunyima usingizi. Kanuni za droni za Kenya ni za mwaka 2020, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ile tunayoiita KCAA. Zinataka droni isajiliwe, iingizwe nchini kwa kibali, na anayeirusha kikazi awe na leseni ya urubani wa droni na afanye kazi chini ya cheti cha uendeshaji. Haivuki futi 400 juu ya ardhi, yaani mita 120 hivi. Jengo la mikutano la KICC, lile refu katikati ya mji, lina mita 105, kwa hivyo hebu piga picha akilini: juu kidogo tu ya KICC ndiyo mwisho. Haisogei chini ya mita 50 kutoka kwa watu au majengo yasiyohusika na kazi hiyo. Na bila idhini, hairushwi ndani ya kilomita 10 kutoka viwanja vikubwa vya ndege, au kilomita 7 kutoka vile vidogo.

Chukua ramani ya jiji na uchore miduara hiyo. Uwanja wa ndege wa Wilson uko Lang'ata Road, kama kilomita 4 kutoka katikati ya mji. JKIA, uwanja mkuu wa kimataifa, uko Embakasi. Kambi ya jeshi la anga iko Eastleigh. Nyumbani kwako Donholm ni karibu kilomita 5 tu kutoka JKIA kwa mstari ulionyooka, na Eastleigh iko karibu zaidi ya hapo. Kwa maneno mengine, Musa hawezi kuirusha hata juu ya kiwanja cha mtaa wenu bila kuomba idhini. Vivyo hivyo South B, South C, Kibera, Nairobi West, Buruburu, na mji wote wa kati. Mbuga ya Nairobi nayo ina mwenyewe, Shirika la Huduma za Wanyamapori, na halitaki droni bila ruhusa yake. Ukimaliza kuchora unabaki na vipande vichache vya jiji, na harusi nazo zina umati, jambo ambalo kwa lenyewe linahitaji idhini.

Najua vijana wanaona hizi ni sheria za kuwanyima riziki. Nawaelewa, na nakubali foleni ya vibali inachosha. Lakini naomba uelewe kinacholindwa. Wilson ndiyo nyumbani kwa madaktari warukao wa shirika la afya la AMREF, walioanza kazi mwaka 1957. Ndege yao inapotua ikitoka Turkana au Mandera, mara nyingi ndani kuna mtu amelazwa na dripu mkononi. Karibu na uwanja, ndege hiyo iko chini, chini kabisa kuliko watu wa mtaani wanavyodhani, na helikopta hupita kimo kilekile ambacho droni huruka. Ndege ndogo ya propela ikigonga kilo moja ya mota, chuma na betri, inaweza kuvunjika kioo mbele ya uso wa rubani. Rubani hawezi kuiona droni kwa wakati. Mrushaji ndiye mwenye uwezo wa kukwepa, kwa hivyo mzigo wote uko kwake.

Hata hofu tupu inatosha kuleta hasara. Desemba 2018 uwanja wa Gatwick, London, ulifungwa kwa zaidi ya siku moja baada ya watu kuripoti kwamba wameona droni. Safari kama 1,000 zilivurugika na abiria wapatao 140,000 wakakwama, siku chache kabla ya Krismasi. Mhusika hakupatikana mpaka leo.

Kwa wale walio chini, hesabu ni rahisi. Kitu kinachoanguka kutoka mita 60, kama hewa isingekizuia, kingefika ardhini kwa kasi ya kilomita 120 kwa saa. Hewa inapunguza, lakini hata nusu ya kasi hiyo, gramu 900 zikiangukia kichwa cha mtoto aliyekaa kwenye hema la harusi, ni kifo au ulemavu. Ndiyo maana mimi hukataa kabisa picha ile wanayoipenda wapiga picha, ya droni iliyosimama juu ya vichwa vya wageni. Unaweza kupiga kutoka pembeni, ukainamisha kamera, na picha ikawa nzuri zaidi kwa sababu sura za watu zinaonekana.

Uliuliza kama za Sudan na za Rwanda ni kitu kimoja. Zote huruka bila rubani ndani, lakini namna ya kuruka, ukubwa na kazi vinatofautiana sana. Za Rwanda ni ndege ndogo za mabawa; zinarushwa kwa mtambo wa kufyatua na kuangusha damu kwa parashuti karibu na hospitali, kisha zinarudi kituoni. Kampuni ya Zipline ilianza kazi hiyo Oktoba 2016. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba damu inayoharibika kwa kupitwa na muda katika hospitali walizohudumia ilipungua kwa asilimia 67, kwa kuwa hospitali haikulazimika tena kurundika akiba, ikihitaji, inaagiza. Kwa nchi yenye vilima na barabara za kuzunguka, hilo ni mama aliyejifungua akitokwa na damu na akapona.

Za vitani ni aina mbili. Kuna zile kubwa kama ndege halisi, zinazobeba makombora, mfano Bayraktar TB2 ya Uturuki yenye mabawa ya mita 12. Na kuna ndogo, ambazo kusema kweli ni binamu wa hii anayoitaka Musa, zikafungwa kilipuzi. Vita vya Ukraine vimejaa hizo. Mei 2025 droni zilishambulia Port Sudan, mji ambao watu walikuwa wamekimbilia wakidhani ni salama. Siwezi kukuficha hilo. Linaeleza pia kwa nini askari akiona droni karibu na Bunge au kambi hatangoji kuuliza ni ya harusi ya nani.

Lakini usiiogope kazi yenyewe. Natamani Musa aone mbali kuliko harusi, kwa sababu harusi ndiyo sehemu ndogo na yenye ushindani mkali. Pesa ya kudumu iko kwenye ramani. Droni inapita juu ya shamba au mtaa kwa mistari iliyonyooka, inapiga mamia ya picha, kila moja ikipandiana na ya jirani yake kwa asilimia 70 au 80. Programu inalinganisha jiwe lilelile, pembe ileile ya nyumba, lilivyoonekana kutoka pande mbalimbali, na kutokana na hapo inakokotoa kimo cha kila kitu. Unapata ramani inayoonyesha maji yatapita wapi. Kuanzia 2016 Zanzibar ilipigwa picha hivyo, Unguja na Pemba, na waliofanya kazi hiyo walikuwa pamoja na wanafunzi wa chuo kikuu chao cha taifa, SUZA. Nikikumbuka mafuriko ya Aprili 2024 na jinsi Mathare ilivyosombwa, naona kazi ya miaka kwa kijana anayejua kutengeneza ramani ya namna hiyo kwa kila mto wa Nairobi.

Kuna kunyunyizia dawa pia. Anayebeba pampu mgongoni kwenye mpunga wa Mwea anavuta ile sumu na kuikanyaga. Droni inabeba tangi na mtu anasimama kando. Huko Mara, walinzi hutumia droni kufukuza tembo mashambani kabla hawajakula mahindi na kabla mwenye shamba hajachukua mkuki. Tembo huuchukia ule mlio, na huondoka bila mtu kumsogelea. Kukagua paneli za sola, milingoti ya simu, mapaa ya maghala: zote ni kazi ambazo zamani mtu alipanda ngazi, na wengine wakaanguka.

Jambo moja ambalo hukuuliza, na ni la kila mama wa mtaa. Kamera ya juu inaona uani, inaona nguo kwenye kamba, inaona nani yuko kwenye balkoni. Katiba, kifungu cha 31, inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake. Musa awaombe wenye sherehe wawatangazie wageni, na asichapishe picha za watoto wa watu mtandaoni ili kujitangaza. Na siku droni ya mtu mwingine ikisimama dirishani pako, usiitupie jiwe, maana ikianguka itaumiza mtu. Piga picha, andika saa, angalia imetokea upande gani, peleka polisi na KCAA.

Sasa pesa za chama. Ningekuwa wewe, ningelipia kwanza kozi kwenye chuo kilichoidhinishwa na KCAA. Mwulize Musa akuonyeshe jina la chuo kwenye orodha ya mamlaka, asikuonyeshe bango la mtandaoni. Umri wa chini wa leseni ni miaka 18, hilo amelipita. Wakati wa kozi atafanya mazoezi kwenye programu ya kompyuta, ambako kuanguka hakugharimu kitu. Harusi zinazomjia kwa sasa asizikatae. Amkodi mrushaji mwenye leseni na cheti, wagawane malipo, na asimame kando yake akiangalia anavyofanya ukaguzi. Ajifunze kupitisha ukucha polepole kwenye ukingo wa kila propela: ukucha ukikwama mahali, hata kama jicho halioni ufa, propela hiyo inatupwa. Ajifunze kuilaza betri juu ya meza tambarare na kuona kama inayumba. Betri iliyofura haichajiwi tena, haiachwi kwenye gari juani, wala haichajiwi kwenye kochi usiku watu wamelala. Hizi za lithiamu zikishika moto huwaka zenyewe na maji kidogo hayazizimi.

Akishapata leseni, basi mtafute mashine. Asidanganywe na maneno kwamba iliyo chini ya gramu 250 haina sheria. Huko Marekani anayerusha kwa kujifurahisha tu anasamehewa kuisajili ikiwa ndogo hivyo. Hiyo ni sheria ya kwao, na anayepiga harusi kwa malipo hafanyi kujifurahisha hata kule.

Nenda naye dukani wewe mwenyewe. Ombeni kuona kibali cha kuiingiza nchini na namba iliyopigwa chapa kwenye mwili wa droni, mlinganishe namba hiyo na iliyo kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Kama ni ya mkono wa pili, ulizeni imesajiliwa kwa jina la nani, na msilipe mpaka KCAA imekubali kuihamisha. Muuzaji akiwaambia hii haina haja ya makaratasi, au mkamilishe kwanza malipo ndipo awatafutie, mshukuru na mtoke.